Upanga Mkononi, Ngao kwa Nani?

Katika barza zetu za pwani tunaijua michezo ya kukaa kitako: bao, karata, dhumna na keram. Yote inafanana kwa jambo moja, kwamba hapana budi apatikane mshindi na mshinde. Upo mchezo mwingine ambao hauna mshinde, na huo ndio ninaotaka kumweleza msomaji leo, kwani ndani yake nimeona jambo linalotuhusu.

Mimi ni mtu wa pwani, ila kazi imenileta Misikhu, mji mdogo ulio katika barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Jumamosi baada ya sala ya Isha hukutana watu watano nyumbani kwangu: mwalimu, wanafunzi wawili wa chuo, kijana mwendesha bodaboda, nami. Mchezo wetu huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974.

Namna yake ni hii. Mmoja huwa msimulizi, na hapa kwetu ni mimi. Kila mmoja katika wale wengine huwa na mtu wake wa kubuni, ambaye sifa zake zimeandikwa katika karatasi. Msimulizi husema, mathalan, mmefika penye lango la ngome na majambazi wanatoka. Kila mchezaji hueleza mtu wake atafanya nini, na penye shaka huamua namba ya bahati, baina ya 1 na 20. Ni kama kusimulia Alfu Lela U Lela, ila wasikilizaji nao wamo ndani ya hadithi.

Desturi ni kutupa dadu ili kupata namba hiyo. Najua msomaji atashtuka: dadu tena? Swali lake ni la haki. Kwetu haiwekwi hata senti moja, basi kamari haimo. Lakini wapo wanazuoni wanaokataza dadu hata pasipo na fedha, kwa kutegemea hadithi ya nardashiri iliyomo katika Sahihi Muslim. Mwenye shaka amwulize shehe wake. Sisi hutumia vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa namba, tukavichota mfukoni na kuvirudisha. Wala si ubunifu wangu, kwani mwaka 1979 watengenezaji wenyewe walipungukiwa na dadu, wakatia vipande kama hivyo katika sanduku la mchezo.

Sasa tuje kwa mpiganaji wa upanga na ngao. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kijana wetu wa bodaboda ndiye aliyetaka kumuunda shujaa wa vita, nami nilimfundisha kwa kanuni za mwaka 2014.

Kwanza mchezaji hupewa namba sita, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, azigawe katika nguvu, siha, wepesi, akili, busara na haiba. Yeye alitia 15 katika nguvu, kwa sababu upanga wataka mkono, na 14 katika siha, kwa sababu asimamaye mbele hupigwa zaidi. Mpiganaji anayeanza huwa na pointi 10 za uhai, na siha ya 14 humwongezea 2, zikawa 12. Kisha huvaa deraya ya minyororo ya chuma, ambayo kinga yake ni 16.

Hapo ndipo ilipozuka hoja. Kijana alitaka upanga mkubwa wa kushikwa kwa mikono miwili. Pigo lake huhesabiwa kwa namba mbili za 1 mpaka 6, na kwa wastani huwa 7. Upanga wa mkono mmoja huchotewa namba moja tu ya 1 mpaka 8, wastani wake 4 na nusu. Kwa nini mtu achukue silaha dhaifu?

Jawabu liko katika mkono wa kushoto. Ngao huongeza kinga kwa 2, ikatoka 16 ikawa 18. Adui wa kawaida aongezaye 4 katika namba yake alikuwa akihitaji kuchota 12 au zaidi ili ampate. Sasa ahitaji 14. Kwa maneno mengine, katika namba 20, tisa zilikuwa za kumdhuru na sasa zimebaki saba. Kwa mtu mwenye pointi 12 za uhai, tofauti hiyo si ndogo.

Kijana alikubali ngao. Lakini kanuni zamtaka mpiganaji achague pia mtindo mmoja wa kupigana, na mtindo si kitu cha kubadilisha kila siku. Wa kwanza humwongezea pointi 2 katika kila pigo la upanga wake. Wa pili haumwongezei yeye chochote. Wenyewe ni huu: adui akimshambulia mwenzake aliye karibu naye, mwenye ngao huweza kuikinga ngao mbele ya mwenzake, na adui hulazimika kuchota namba mara mbili na kutumia ile iliyo ndogo. Huweza kufanya hivyo mara moja tu katika kila mzunguko.

Mwalimu wetu alikuwa akicheza malenga, mtu wa tungo na ala za muziki, mwenye deraya ya ngozi na kinga 13 tu. Adui yule yule angempata mara 60 katika 100. Akikingwa na ngao ya jirani, mara hizo hushuka zikawa 36. Hesabu ilikuwa wazi, hata hivyo kijana alisitasita. Yeye aliacha shule mapema, na baina ya wanafunzi wale wa chuo alikuwa mtu wa kunyamaza. Nadhani alitaka walau upanga wake usemwe.

Alikwenda akamsimulia babu yake. Wabukusu ngao huiita engabo, neno lililo ndugu na ngao yetu. Mzee alimkumbusha kilima cha Chetambe, kilicho juu ya Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana pale, ndani ya ngome ya kuta za udongo, na jeshi la Waingereza na askari Wasudani lililotoka Mumias, mji ambao misafara ya pwani ilikuwa ikitua. Mikuki na ngao za ngozi hazikuweza kuzuia risasi, na ngome ikaanguka. Kisha mzee akamwuliza mjukuu wake jambo moja tu: nyuma ya hiyo ngao yako yuko nani?

Jumamosi iliyofuata kijana alichagua mtindo wa pili. Usiku huo majambazi watatu walimwelekea malenga langoni. Wa kwanza alichota 17, pigo la hakika. Kijana akaikinga ngao, nikachota tena, ikatoka 5. Malenga akapona, akawavusha wenzake. Shujaa mwenyewe alivuka akiwa na pointi 1 ya uhai. Tangu siku hiyo hatuanzi mchezo kijana akichelewa, na wanafunzi wale wakitaka kuingia mahali pa hatari humwuliza yeye kwanza atasimama wapi. Siku hizi huzungumza.

Msomaji, huu si mchezo mgeni kama unavyoonekana. Aliyeiona ngoma ya razha iliyotoka Omani ameona upanga katika mkono mmoja na ngao ndogo ya duara, ya ngozi, katika mkono wa pili. Aliyekuwa Lamu wakati wa Maulidi ameona kirumbizi, na anajua kwamba mwenye bakora hufundishwa kukinga kama afundishwavyo kupiga. Vijana wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja wakipenda kumuunda mpiganaji wao, mavazi na silaha wanazo tayari nyumbani. Wampe hiyo ngao ya razha, kisha wamwulize swali la mzee wa Kibukusu kabla hawajaandika namba yoyote.