Kamba ya Miwani Si Pambo la Wazee

Miwani ya kusomea ina tabia inayoitenga na miwani nyingine: haikai usoni. Asiyeona vizuri mbali huivaa yake asubuhi na kuivua akienda kulala, kwa hiyo hana sababu ya kujiuliza iko wapi. Lakini mtu wa miaka 45, anayesoma kibao cha daladala ikiwa bado mbali na kushindwa kusoma ujumbe kwenye simu yake, huivaa dakika mbili, huivua, kisha huihitaji tena baada ya robo saa. Akibaki nayo usoni, vyote vilivyo mbali vinaingia ukungu. Kwa hiyo miwani inahama kutwa: mara mezani, mara juu ya friji, mara imepandishwa kichwani huku mwenyewe akiitafuta nyumba nzima. Ninachodai hapa ni kwamba miwani ya namna hii haijakamilika mpaka ipate makao mwilini. Kamba, mkufu au kishikizo chake ni sehemu ya kifaa, kama zilivyo lenzi na mikono, na kuuza au kugawa miwani ya kusomea bila kitu hicho ni kumpa mtu nusu ya alichohitaji.

Tatizo lenyewe halimkwepi mtu. Kadiri umri unavyosogea, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na kupoteza uwezo wa kubadili umbo lake ili kuona vitu vya karibu. Wataalamu huita hali hiyo presbiopia, na wengi huanza kuihisi wakikaribia miaka 40 au wakiivuka kidogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uoni, iliyotolewa mwaka 2019, ilitaja watu milioni 826 wanaoishi nayo bila miwani inayowafaa. Kwetu, utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta zaidi ya watu sita kati ya kila kumi wenye miaka 40 na kuendelea wakiwa nayo. Wanakijiji hao hawakuwa makarani wala walimu. Waliosumbuliwa nayo walisumbuliwa katika kuchambua mchele, kupepeta nafaka, kupalilia, kushona, kuwavisha watoto na kurekebisha utambi wa taa. Leo taa ya utambi imepungua, lakini zimeingia tarakimu 20 za umeme wa LUKU, ujumbe wa muamala wa simu na maandishi madogo kwenye chupa ya dawa ya mifugo. Kazi hizi zote zinafanana kwa jambo moja: ni fupi, huja ghafla, na hukukuta ukiwa popote.

Kwamba miwani ya bei ndogo inaleta faida kubwa, hilo halina ubishi tena. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji 751 wenye miaka 40 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa miwani ya karibu na wengine wakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa tija ya waliopewa iliwazidi wenzao kwa asilimia 21.7. Utafiti mwingine wa Bangladesh, wa watu 824 wenye miaka 35 hadi 65, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta kipato cha waliopewa miwani ya kusomea kimezidi cha wenzao kwa takriban theluthi moja. Nambari hizi hutajwa sana na wanaohimiza ugawaji wa miwani, na ni haki yao. Lisilosemwa sana ni sharti lililojificha ndani yake. Mchuma chai wa Assam huitumia miwani saa nyingi mfululizo, jani baada ya jani, na mwisho wa utafiti zaidi ya asilimia 80 walikuwa wakiivaa. Mama muuza duka, wakala wa fedha za simu au mzee anayesoma msahafu baada ya sala hana mfululizo huo. Kwake faida ya miwani hupatikana vipande vipande, na kila kipande hutegemea kama miwani ipo karibu wakati huo huo.

Kumiliki miwani na kuitumia ni mambo mawili. Huko Oaxaca, Mexico, watafiti waliwarudia bila taarifa wanafunzi 493 waliokuwa wamepewa miwani bure. Asilimia 13.4 tu walikuwa wameivaa, na asilimia 34 walikuwa nayo lakini hawakuivaa. Msomaji makini atasema hao ni watoto, na kwamba wengi wao waliona aibu. Kamba isingewasaidia, huenda ingewaongezea kejeli. Nakubali. Nautaja utafiti huo kwa sababu unavunja dhana kwamba kazi ya mgawaji inaisha pale boksi linapokabidhiwa. Kwa mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, kizuizi kikubwa si kejeli, ni hesabu ndogo anayoifanya bila kujua. Kusoma risiti ni sekunde kumi, kuifuata miwani chumbani ni dakika nzima. Basi anakisia. Au anaisogeza simu mbali mpaka mkono unaisha urefu, au anamwita mtoto amsomee. Na pale anapomwomba kijana asiyemfahamu amsomee ujumbe wa fedha, au amwingizie namba ya siri, uvivu huo mdogo unakuwa mlango wa wizi. Kamba inaigeuza hesabu hiyo, kwa kuwa kuichukua miwani kunabaki tendo la mkono mmoja.

Historia nayo inaonyesha kuwa tatizo hili si geni. Miwani ilibuniwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, na kwa zaidi ya miaka 400 haikuwa na mikono ya kupita juu ya masikio. Ilishikwa kwa mkono au ikabanwa puani. Wahispania waliifunga utepe wa hariri na kuuzungusha masikioni; Wachina wakaongeza vipande vidogo vya uzito kwenye ncha za uzi ili isiteleze. Mikono ya pembeni ilijitokeza London mnamo miaka ya 1720, ikihusishwa na fundi Edward Scarlett. Hata baada ya hapo, karne ya 19 ilipopenda tena miwani ya kubana pua, aina waliyoivaa mwandishi Anton Chekhov na Rais Theodore Roosevelt, utepe au mkufu ulirudi nao, kwa sababu miwani hiyo ilidondoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Ketcham & McDougall ya New York, iliyojulikana kwa kutengeneza subana za washonaji, ilikuwa ikiuza bruchi ya kubandika kifuani yenye mkufu mwembamba unaojikunja wenyewe ndani. Mvaaji alivuta miwani, akasoma, akaiachia, mkufu ukarudi. Ukiitazama kamba ya kitambulisho inayovutika, ile inayoning'inia viunoni mwa wafanyakazi wa benki, unaangalia wazo lile lile.

Wapo watakaosema mfuko wa shati unatosha. Unatosha kwa mwenye mfuko wa shati, na hata huyo akiinama kuchota maji miwani inaanguka, na ikikaa na funguo au sarafu lenzi zinachubuka. Kuipandisha kichwani kunapanua fremu mpaka inaanza kuteleza puani. Zaidi ya hapo, jibu la mfuko ni jibu la wanaume. Gauni, dira na buibui kwa kawaida hazina mfuko wa kifuani, na mwanamke aliyejifunga khanga huku ameshika ungo hana pa kuiweka ila chini. Akina mama wa Zanzibar wanaoshona kofia kwa mkono, kazi ya sindano nyembamba na matundu madogo mno, ni miongoni mwa watu wanaoihitaji miwani ya karibu kuliko karani yeyote. Kwa aliyevaa hijabu, kamba inaweza kupita chini au juu ya mtandio apendavyo, na pini yenye kitanzi iliyobandikwa kifuani haigusi masikio kabisa. Mafundi walishajua zamani kwamba kifaa cha kushikwa mara kwa mara hukaa mwilini: fundi cherehani na futi yake shingoni, seremala na penseli sikioni, refa na filimbi.

Pingamizi zito zaidi ni lile la lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja, zinazokaa usoni kutwa. Ni suluhisho zuri kwa anayezimudu, ila bei yake iko mbali sana na ile ya miwani ya machinga. Tena si salama kwa kila mtu: utafiti wa Australia wa mwaka 2002 uliwakuta wazee wanaovaa lenzi za aina hiyo wakiwa na uwezekano wa kuanguka unaozidi mara mbili ya wenzao, kwa kuwa sehemu ya chini ya lenzi huififisha ngazi iliyo mbele ya mguu. Hofu kuhusu kamba nayo ina msingi. Kamba ngumu inaweza kunaswa na mkanda wa mashine ya kusaga au kuvutwa na mtoto aliyebebwa. Dawa yake ni kamba yenye kifungio kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu, na kwa wanaofanya kazi na mashine, pini au kishikizo cha sumaku badala ya kamba. Sumaku nayo ina mwiko wake: aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiibandike kifuani, maana inashauriwa sumaku za aina hii zikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho.

Inabaki aibu. Wengi wanaona mkufu wa miwani ni wa bibi mstaafu kwenye filamu za Kizungu. Hapa kuna kichekesho, kwani mafundi wa shanga wa Kenya na Tanzania hushona kamba za miwani nzuri sana, na wanunuzi wao wakubwa ni watalii. Vitu tunavyovitengeneza kwa ustadi wetu tunawaachia wageni wavivae, sisi tunaendelea kupapasa juu ya friji. Shanga hizo zikivaliwa na mwalimu mkuu, mtangazaji wa televisheni au shehe mwenye jina, sioni kwa nini zisionekane kama saa ya mkononi inavyoonekana. Asiyetaka rangi achukue uzi mweusi wa pamba. Kazi ni ile ile, na jasho likiuchafua unafuliwa kwa sabuni.

Kwa taasisi zinazogawa miwani ya kusomea, pendekezo ni jepesi: kila miwani itoke na kamba ndani ya boksi, na mgawaji amwonyeshe mpokeaji namna ya kuifunga, iishie kifuani na siyo tumboni, isije ikagusa sufuria anapoinama. Ikiwezekana, kamba hizo zinunuliwe kwa vikundi vya akina mama wanaoshona shanga katika wilaya hizo hizo. Na wewe unayenunua yako kwa machinga wiki hii, kabla ya kulipa, muulize kama ana kamba. Kama hana, nusu mita na zaidi ya uzi imara na vitanzi viwili vya mpira vinatosha kuanzia.