Umepasuliwa tumbo, mbona bega ndilo linauma?

Hebu fikiria umetoka kutolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Daktari hakukuchana tumbo. Alipita kwenye matundu manne madogo tu. Kesho yake unaamka, na kinachokusumbua zaidi siyo tumbo. Ni bega! Unajiuliza: jamani, wamenifanyia nini?

Tulia. Jibu liko kwenye gesi.

Ndani ya tumbo hakuna nafasi. Ini, utumbo na mafuta vimebanana kama abiria wa daladala jioni. Ukiingiza kamera hivyo hivyo, huoni kitu. Kwa hiyo daktari hulijaza tumbo gesi ya kabonidioksidi, kwa presha ya milimita 12 hadi 15 za zebaki, ukuta wa tumbo uinuke kama hema. Hapo kamera na vyombo vyembamba vinapata pa kufanyia kazi.

Kwa nini siyo hewa ya kawaida? Kwanza, kabonidioksidi haiwaki wala haisaidii moto, na humo ndani hutumika umeme kuunguza vimishipa vinavyovuja damu. Pili, huyeyuka upesi kwenye damu, ikafika mapafuni, ukaitoa kwa kupumua. Hewa ya kawaida huyeyuka taratibu sana. Povu lake likiingia kwenye mshipa linaweza kuziba njia ya damu.

Sasa turudi begani. Gesi hunyoosha na kukera kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Neva ya kiwambo huanzia shingoni, kwenye sehemu ileile ya uti wa mgongo inayopokea taarifa za bega. Ubongo unakosea anwani! Kwa kawaida maumivu haya huisha ndani ya siku chache.

Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii huko Ujerumani mwaka 1985. Wenzake walimkosoa vikali. Leo ndiyo njia ya kawaida.

Ila usidanganyike: matundu ni madogo, upasuaji siyo mdogo. Daktari asipoona vizuri, au damu ikimshinda, atafungua tumbo. Huko siyo kushindwa, ni kukulinda. Na ukiwa nyumbani ukapata homa, macho yakawa ya njano, tumbo likazidi kuuma badala ya kupoa, au ukapumua kwa shida, usisingizie gesi. Rudi hospitali siku hiyohiyo.