Kitenzi Kimoja, Maana Mbili Zinazopingana

Katika Kiingereza mna kitenzi, cleave, ambacho huwatia mashakani hata wenyewe Waingereza, kwa kuwa maana yake moja ni kupasua kitu kikawa pande mbili, na maana yake ya pili ni kuambatana na kitu na kugandamana nacho. Mtu angedhani waliolitunga neno hilo hawakuwa na shauri moja. Lakini hakuna aliyelitunga hivyo. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormandi kuiteka nchi ile mwaka 1066, vilikuwapo vitenzi viwili mbalimbali, clēofan cha kupasua na clifian cha kunata, ambavyo kwa kupita karne na kulegea kwa matamshi vilikutana katika umbo moja, kila kimoja kikiwa kimeshika maana yake.

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James inavitumia vyote viwili bila ya wasiwasi: mume huambatana na mkewe kwa neno lile lile ambalo mchanja kuni hupasulia gogo. Msomaji huokolewa na kijineno to, ambacho aghalabu hufuata cha kuambatana, ilhali cha kupasua humkabili mtendwa wake moja kwa moja. Siku hizi cha kuambatana kimekuwa cha vitabuni na mimbarini, bali cha kupasua kingali kazini, khasa kwa masonara wa almasi. Joseph Asscher wa Amsterdam alipoigawa almasi kubwa ya Cullinan mwaka 1908, kazi yake iliitwa kwa kitenzi hiki.

Kwa wakati uliopita taabu huzidi, maana hapo pana cleaved, cleft na clove, na kwato za mbuzi huitwa cloven. Msomaji wa Unguja au Pemba atatanabahi kwamba clove ndilo jina la karafuu pia. Hilo halina nasaba na kitenzi chetu: limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msumari, kwa ajili ya sura ya tumba lile likishakauka. Punje ya kitunguu saumu, inayoitwa clove vile vile, ndiyo jamaa wa kweli, kwa sababu kichwa chake hupasuka punje punje.

Waarabu maneno yenye maana mbili kinyume huyaita adhdad, na maulamaa wao waliyatungia vitabu mahsusi. Mashuhuri ni kile cha Ibn al-Anbari, aliyefariki mwaka 940. Wala sisi hatuna haki ya kuwacheka Waingereza, maana kuazima kwetu ni kutoa na ni kupokea, na hapana anayepotea njia: aliyeniazima jembe ndiye mwenye jembe, na niliyeazima jembe kwake ndimi nitakayelirudisha.