Jiwe la Shinkolobwe katika Historia ya Fizikia

Vitabu vinavyosimulia historia ya fizikia kwa watu wasio wataalamu hupenda kuanza na mtaalamu aliyejifungia katika maabara yake, na kuishia kwenye wazo lililomjia ghafla. Masimulizi hayo humvuta msomaji, lakini yana upungufu mmoja: humtaja mgunduzi, yakalisahau jiwe alilolishika mkononi. Ugunduzi wa unururifu, yaani tabia ya baadhi ya elementi kutoa miale zenyewe, ni mfano ulio dhahiri.

Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel alidhani kwamba chumvi ya uraniamu hutoa miale baada ya kuamshwa na jua. Mawingu yakatanda siku kadhaa, naye akaiweka chumvi hiyo ndani ya mtoto wa meza, juu ya vibamba vya picha vilivyofungwa kwa karatasi nyeusi. Alipovisafisha tarehe 1 Machi, alikuta alama zilizo wazi. Jua halikuhusika, miale ilitoka katika uraniamu yenyewe.

Mwaka 1898, Marie na Pierre Curie walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Mawe yao yalitoka Joachimsthal, katika nchi ya Bohemia. Ilibidi tani kadhaa za mabaki ya mawe hayo zichemshwe na kuchujwa ili ipatikane, mwaka 1902, sehemu ya kumi tu ya gramu moja ya kloridi ya radiamu. Hivyo radiamu ikawa ghali kuliko dhahabu.

Hali hiyo ilibadilishwa na Katanga. Mwaka 1915 uraniamu iligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na baadhi ya mawe yake yalikuwa na oksidi ya uraniamu hadi asilimia 65. Tangu mwaka 1922, kiwanda cha Olen, nchini Ubelgiji, kilitoa radiamu kutokana na mawe hayo, na bei yake ikaporomoka. Mpasuko wa kiini cha atomu ulipogunduliwa mjini Berlin mwishoni mwa mwaka 1938, uraniamu yenyewe ikaanza kutafutwa. Barua ambayo Einstein alimwandikia Rais Roosevelt mwezi Agosti 1939 iliitaja Kongo kuwa chimbuko lake kuu. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko.

Wafanyakazi waliochimba mawe hayo na kuyachagua kwa mikono hawatajwi katika vitabu vingi vya aina hii. Hata jambo la mwaka 1959, pale kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilipowashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa, hutajwa kwa nadra.

Kuwataja wachimbaji hakupunguzi hata kidogo sifa ya Becquerel wala ya Marie Curie. Bila jicho la mtaalamu, jiwe lingebaki jiwe. Na bila jiwe, jicho hilo lisingekuwa na cha kutazama. Basi historia ya fizikia itakayoandikwa kwa Kiswahili haina budi kufika mgodini kama inavyofika maabarani.