Simba wala watu wa Njombe

Simba wala watu wa Njombe walikuwa kundi la simba waliowaua watu kusini mwa Tanganyika (leo Tanzania bara) kati ya miaka ya 1932 na 1947. George Rushby, Mwingereza wa Idara ya Wanyamapori aliyewawinda, alikadiria kwamba watu waliouawa walifikia 1,500. Hayo ni makadirio ya mtu mmoja, lakini hata yakipunguzwa kwa nusu bado yanawazidi kwa mbali simba maarufu wa Tsavo nchini Kenya.

Eneo

Wilaya ya Njombe ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Ndani yake zilikuwamo sehemu ambazo sasa ni Makete, Ludewa, Wanging'ombe na Makambako, pamoja na kata ya Kitandililo. Upande wa kaskazini-magharibi ardhi inashuka kutoka milima yenye baridi kuelekea tambarare za Usangu, na ni huko, hasa pande za Wanging'ombe, ambako simba hao walitamba.

Wenyeji wengi waliamini kwamba simba hao walitumwa na mganga mmoja aliyevuliwa cheo chake kijijini. Imani hiyo ilikuwa na matokeo yake: watu waliogopa hata kuwataja simba, na Rushby alipata shida kupewa habari za mahali walipopita. Mnamo 1947 alikuwa ameua simba 15, na vifo vikakoma. Mganga naye alikuwa amerudishiwa cheo chake, kwa hiyo kila upande ulibaki na maelezo yake.

Kwa nini walikula watu?

Simba kwa kawaida humkwepa binadamu. Maelezo ya zamani ni kwamba anayekula watu ni mzee au mgonjwa, asiyeweza tena kukamata nyati au pundamilia. Yana ukweli kiasi. Wale madume wawili wa Tsavo, waliowavamia wajenzi wa reli mwaka 1898, wamehifadhiwa katika makumbusho ya Chicago, na mmoja wao anaonekana alikuwa na jino lililooza vibaya. Kwa Njombe, hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Ni vigumu kuamini kwamba simba 15 waliumwa meno kwa pamoja, tena kwa miaka 15.

Sababu inayotajwa zaidi ni sotoka. Ugonjwa huu wa virusi ulishambulia ng'ombe, na pia nyati, pofu, tandala na ngiri. Katika miaka ya 1890 ulienea Afrika nzima hadi Rasi na kuangamiza mifugo. Ulipotokea tena Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliogopa usivuke kwenda kusini. Ikajenga uzio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na wanyamapori wenye kwato wakauawa kwa wingi ili wasibebe ugonjwa. Simba mkubwa huhitaji wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. Hakuna aliyepanga simba wale nini baada ya wanyama hao kuondolewa.

Uzio huo ulikuja miaka kadhaa baada ya vifo vya kwanza. Kwa hiyo uhaba wa wanyama unaeleza vizuri zaidi kwa nini tabia hiyo ilidumu kuliko namna ilivyoanza. Hapa ndipo malezi yanapoingia. Simba jike hubaki katika kundi alimozaliwa, na watoto hujifunza kuwinda kwa kumfuata mama. Aliyekua akiona binadamu analiwa humhesabu binadamu kuwa ni chakula kama swala.

Mashambulio ya karibuni

Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walionyesha kwamba kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Kiungo kilikuwa nguruwe pori. Wanyama wengine wakipungua, nguruwe hubaki na kuingia mashambani. Mkulima hulala kwenye dungu kulinda mazao, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mkulima. Ndiyo maana vifo vingi vilitokea msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei.

Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulihusu mwezi. Hatari kubwa ilikuwa katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, giza huingia watu wakiwa bado njiani au jikoni nje, na simba ana njaa kwa kuwa mbalamwezi ya siku zilizotangulia ilimzuia kuvizia.

Teknolojia

Mkenya Richard Turere alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, akiishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliona kwamba simba hukwepa mtu anayetembea na tochi. Akaunganisha betri, paneli ya sola na taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi, na kwao simba wakaacha kuja. Baadhi ya hifadhi huwavisha simba mikanda ya shingoni inayotuma habari za mahali walipo kwa setilaiti, ili wanavijiji waonywe mapema. Mkanda huo humtaja tu simba aliyevishwa, na onyo humfikia mwenye simu iliyo na chaji mahali penye mtandao. Mkulima aliye kwenye dungu usiku mara nyingi hana kimojawapo.