Nguvu za Kifua: Hesabu ya Kupanda Vilima vya Kampala

Waganda wakitaka kuitofautisha baiskeli ya kukanyaga na pikipiki, huiita maanyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua. Lakini simama asubuhi chini ya kilima cha Namirembe umtazame mchuuzi mwenye mikungu ya matoke nyuma ya baiskeli. Mwinuko ukianza tu, anashuka na kuanza kusukuma. Je, kifua kimemwishia?

La. Kilichomwishia ni gia.

Chukua baiskeli ile nyeusi ya chuma, yenye gia moja. Pedali zikizunguka mara moja, inasogea kama mita tano na nusu. Kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, mtu wa kawaida asiye na mzigo ana uwezo wa kwenda kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika. Maana yake miguu izunguke mara 18 tu kwa dakika, ilhali hupenda kuzunguka mara 60 hadi 90. Kila mkanyago unadai karibu uzito wote wa mwili. Msuli unaokazwa kiasi hicho hubana mishipa yake wenyewe, damu ikapita kwa shida, nao huchoka kabla mapafu hayajaombwa kazi ya maana. Hizo ni nguvu za paja, si za kifua.

Sasa mpe mtu huyohuyo baiskeli yenye meno 32 mbele na 32 nyuma. Kwa mwendo uleule miguu inazunguka mara 45 kwa dakika, kila mkanyago ukiwa mwepesi zaidi ya mara mbili. Damu inapita na moyo unashika zamu. Hapo ndipo jina la Waganda linapokuwa kweli.

Kazi yenyewe haipungui. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 80, wakipanda mita 100 kwenda juu, hufanya kazi ya jouli 78,000 hivi dhidi ya mvutano wa dunia. Misuli hupoteza karibu robo tatu ya chakula chake kama joto, kwa hiyo gharama yote ni kama kilokalori 75: ndizi mbivu moja ndogo. Ukitumia dakika 10 umetoa wastani wa wati 130. Ukitumia chini ya dakika 7, unakaribia wati 200. Ndizi ni ileile, kinachobadilika ni kasi ya kuichoma.

Na kasi hiyo ina mpaka. Chini ya mpaka, mwili huondoa laktati, kemikali inayotoka kwenye misuli inapochoma sukari, kadiri unavyoizalisha. Juu yake, laktati hulundikana na pumzi hukatika. Laktati yenyewe imesingiziwa mengi. Si sumu: moyo na misuli huitumia kama kuni. Ila kulundikana kwake ni ishara kwamba dakika zako zinahesabika. Kosa la wapandaji wapya ni kuuvamia mlima kwa pupa, wakauvuka mpaka huo katika mita 200 za kwanza, kisha wakamaliza kwa miguu.

Mpaka husogezwa kwa mazoezi, na hapa Kampala ina bahati. Vilima vyake ni vifupi na vimekaribiana: Kololo, Naguru, Mengo, Rubaga, Makerere, Muyenga. Panda dakika nne kwa nguvu inayokuachia maneno matatu tu kinywani, shuka polepole, rudia mara nne. Mara mbili kwa wiki inatosha. Siku nyingine endesha taratibu, huku ukiweza kusimulia hadithi. Baada ya wiki kadhaa moyo husukuma damu zaidi kwa kila pigo, na mitokondria, majiko madogo ndani ya chembe za misuli, huongezeka.

Mgeni kutoka Mombasa asikate tamaa siku ya kwanza. Jiji liko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani.

Mwezi Septemba 2025 jirani zetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume, zilizokuwa na zaidi ya mita 5,000 za kupanda kwa jumla. Hata bingwa huyo, palipo na mwinuko mkali, hushusha gia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote cha bei, nenda kwa fundi umwombe meno zaidi nyuma, na kiti kiinuliwe mpaka goti lako libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Breki nazo zikaguliwe, maana kutoka Kololo utashuka, na huko chini boda boda hazikusubiri.