Nguvu za bondia zimo miguuni, hatari yake i kichwani

Mashabiki wanaohudhuria mapigano ya ndondi katika ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi, au ule wa Madison Square Garden jijini Nakuru, aghalabu humsifu bondia kwa mkono wake. Mpinzani akianguka, utasikia watu wakisimulia konde la kulia lilivyopita na kutua kidevuni. Ni nadra kumsikia mtu akisifu kisigino.

Ilhali konde zito huanzia sakafuni. Bondia anapotaka kurusha mkono wa kulia, mguu wake wa nyuma husukuma chini, kisigino huinuka na kugeuka, nyonga huzunguka, kiwiliwili hufuata, kisha bega huufyatua mkono. Mkono ni mjumbe tu wa habari iliyotungwa kwingine.

Mnamo 1985, watafiti wa uliokuwa Muungano wa Kisovieti wakiongozwa na V. I. Filimonov walichapisha uchunguzi wao kuhusu mabondia wa viwango mbalimbali. Kwa mabondia waliokomaa, zaidi ya theluthi moja ya nguvu za konde ilitokana na msukumo wa miguu, na mkono wenyewe ulichangia takriban robo tu. Kwa chipukizi, mchango wa miguu ulikuwa mdogo zaidi na mkono ulibebeshwa mzigo mkubwa zaidi.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa klabu zetu. Ikiwa nguvu zimo miguuni, basi zinaweza kujengwa bila ya kijana kupigwa hata konde moja. Kila saa anayotumia kuruka na kunyanyua vyuma ni saa ambayo kichwa chake hakiguswi. Lakini katika kumbi nyingi desturi ni kinyume: njia ya kumkomaza chipukizi ni kumtia ulingoni jioni baada ya jioni apigane na wakubwa wake mpaka "azoee".

Baadhi ya makocha wa zamani huwakataza mabondia vyuma kwa hofu kwamba vitawaongezea uzani na kuwafanya wazito wa mwendo. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli kwa anayenyanyua kama mtunisha misuli, yaani mara nyingi, kila siku, huku akila kwa wingi. Anayenyanyua chuma kizito mara tatu hadi tano kisha akapumzika dakika kadhaa kabla ya kurudia hujenga zaidi uwezo wa neva kuiamrisha misuli ifanye kazi kwa pamoja. Nguvu huongezeka huku mizani ikisoma karibu vilevile.

Zoezi la msingi ni kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito mabegani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo haina fumbo lolote. Asiye na chuma anaweza kutumia gunia la mchanga, au kupanda kwenye benchi kwa mguu mmoja. La muhimu ni mgongo unyooke, visigino visiinuke na magoti yasiingie ndani.

Baada ya wiki sita hadi nane za kujenga msingi huo, ndipo mazoezi ya kuruka yanapoanza kuleta faida. Aliyeyapa umbo la kisayansi ni kocha wa Kirusi, Yuri Verkhoshansky, katika miaka ya 1960. Alitambua kwamba mwanariadha wa miruko mitatu hukumbana na shinikizo kubwa sana mguu unapotua, na kwamba shinikizo lilo hilo ndilo linaloutupa mwili mbele. Akabuni zoezi la kushuka kutoka juu ya sanduku na, punde nyayo zikigusa ardhi, kuruka juu kwa nguvu zote.

Siri ya zoezi hilo ni kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa. Kano hufanya kazi kama mpira wa manati: ukiivuta na kuiachilia mara moja, hurejesha nguvu zilizowekwa ndani yake. Ukiivuta ukakaa nayo, nguvu hizo hupotea. Kwa hivyo mguu haupaswi kukaa chini zaidi ya robo ya sekunde hivi. Anayetua kwa kishindo, akazama hadi kuchuchumaa ndipo aruke, amefanya zoezi jingine kabisa.

Anayeanza asipande sanduku refu. Sentimita 20 hadi 40 zinatosha, na jumla ya mitua 80 hadi 100 kwa siku ya mazoezi ni kazi ya kutosha, siku mbili kwa wiki, kukiwa na mapumziko ya saa 48 au zaidi kati yake. Kamba ya kuruka, ambayo kila bondia anayo, ni ndugu mdogo wa zoezi hili. Huifundisha kano ya kisigino kufyatuka haraka na hugharimu pesa kidogo. Kocha na asikilize kwa masikio pia: mtuo mzuri hausikiki sana. Miguu ikianza kupiga kelele, kijana amechoka na siku hiyo imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.

Wengi huumia kwa kukiuka kipimo hicho. Msuli una damu tele na huzoea mzigo mpya katika muda wa wiki chache, ilhali kano ina damu kidogo na huhitaji miezi. Kijana hujihisi ana nguvu mpya, anaongeza miruko, kisha asubuhi moja anaamka na maumivu chini ya pia ya goti au juu ya kisigino. Akipumzika kabisa wiki mbili maumivu hutulia. Akirudi alipoachia, hurudi yote.

Dawa ya kano si kulala bali ni mzigo wa polepole. Mnamo 1998 daktari wa Uswidi, Hakan Alfredson, na wenzake walieleza namna walivyowatibu wakimbiaji wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino. Mgonjwa alisimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, akakishusha kisigino taratibu kwa mguu unaouma, akajiinua tena kwa mguu mzima. Alifanya hivyo mara 180 kwa siku kwa wiki 12. Hakuna sindano, hakuna mashine. Kinachowashinda wengi ni kile kipindi cha wiki 12.

Kifundo cha mguu kikiteguka, wengi wetu hukimbilia kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa siku iyo hiyo. Joto na kuchua katika siku mbili za kwanza huongeza uvimbe. Ni afadhali kukifunga kifundo kwa bendeji, kukiinua juu na kukipunguzia uzito. Barafu nayo hupunguza maumivu, lakini imani juu yake imetikisika: Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ushauri wa barafu na mapumziko kupitia kitabu chake cha 1978, alikiri mnamo 2014 kwamba huenda mambo hayo mawili huchelewesha kupona. Asiyeweza kutembea hatua nne, au anayeumia akibonyezwa kwenye mfupa wa kifundo upande wa nyuma, aende hospitalini akapigwe picha.

Baada ya siku chache, kifundo kinahitaji mwendo. Kipimo cha kurejea ulingoni si kalenda wala ushujaa, bali ni mguu wa pili. Je, unaweza kusimama kwa mguu ulioumia, macho yakiwa yamefumbwa, sawa na ule mzima? Unaweza kujiinua kwa vidole mara ishirini? Unaweza kurukaruka kwa mguu huo mmoja bila kusita? Jibu likiwa la, bado hujapona.

Naweka mkazo hapa kwa sababu moja ambayo husahaulika. Bondia mwenye mguu mbovu haachi kupigana, huacha kusogea. Husimama mbele ya mwenzake akijikinga kwa mikono, na makonde ambayo angeyakwepa kwa hatua moja ya kando huyapokea kwa kichwa. Jeraha la kifundo ambalo halikupewa wiki zake huhamia ubongoni.

Ubongo nao haufuati kanuni za kano. Hauimariki kwa kuzoeshwa mzigo. Konde linapotua, hasa lile la kuzungusha kichwa, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Mtikisiko huo hauhitaji mtu kuzimia. Kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kusahau raundi iliyotangulia au kuwa na hasira bila sababu ni dalili za kutosha. Kijana akipigwa tena kabla ya mtikisiko wa kwanza kupona, ubongo unaweza kuvimba ghafla. Ni tukio la nadra, lakini likitokea mara nyingi huua.

Hatari nyingine ni ya mishipa midogo inayopita baina ya ubongo na fuvu. Ikikatika, damu hujikusanya polepole, na kwa muda mwenye jeraha huweza kutembea, kuzungumza, hata kubishana.

Wakenya tunajua hadithi hiyo kwa jina. Robert Wangila aliingia katika historia kwenye michezo ya Olimpiki ya Seoul, 1988, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Mnamo Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 26, alipigana na David Gonzalez jijini Las Vegas. Refa Joe Cortez alisimamisha pigano katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba bado alikuwa na uwezo wa kuendelea. Baadaye, akiwa chumba cha kubadilishia nguo, alipoteza fahamu. Alifanyiwa upasuaji lakini hakuamka.

Nimewasikia watu wakilitumia lalamiko lile kama ushahidi wa ushujaa wake. Ushujaa alikuwa nao, bila shaka. Lakini lalamiko linathibitisha jambo jingine: bondia mwenyewe ndiye mtu wa mwisho anayefaa kuulizwa kama yuko sawa.

Kando na vifo, kuna madhara yajayo taratibu. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika mnamo 1928 kuhusu mabondia waliopepesuka na kuzungumza kama walevi ilhali hawajalewa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba chanzo si yale makonde makubwa pekee, bali pia jumla ya mamia ya makonde madogo kwa miaka. Na mengi ya hayo hayapokelewi mbele ya mashabiki, bali mazoezini.

Kofia ya kinga haitatui tatizo. Hupunguza michubuko na majeraha ya uso, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Shirikisho la kimataifa la wakati huo, AIBA, liliwaondolea wanaume waliokomaa kofia hizo mnamo 2013, na wakapigana bila hizo kwenye Olimpiki ya Rio mnamo 2016. Wanawake waliendelea kuzivaa. Ubishi kuhusu uamuzi huo haujaisha.

Wapo wanaotaka mchezo wenyewe upigwe marufuku. Chama cha Madaktari Duniani kilitoa wito huo mnamo 1983. Norway ilipiga marufuku ndondi za kulipwa mnamo 1981 na ikaziruhusu tena mnamo 2014. Hoja yao ni nzito: katika michezo mingine kichwa huumia kwa ajali, na katika ndondi ndicho shabaha.

Mimi siafiki marufuku. Ndondi zimewapa vijana wengi wa mitaa ya Nairobi, Nakuru na Mombasa ajira katika polisi, magereza na jeshi, na zikipigwa marufuku zitahamia vichochoroni kusikokuwa na refa wala daktari. Lakini anayeutetea mchezo huu hana budi kuutetea na vichwa vya wanaoucheza.

Kanuni za ndondi za ridhaa kwa miaka mingi zimetaka bondia aliyezimishwa kwa konde la kichwa akae nje siku 30. Akizimishwa mara mbili katika miezi mitatu, akae siku 90. Mara tatu katika mwaka, akae mwaka mzima. Kanuni hizo huhesabu kilichotokea mbele ya majaji. Kijana aliyepepesuka Jumanne jioni mazoezini, akanyunyiziwa maji usoni na kurudishwa ulingoni, hayumo katika hesabu yoyote, na Jumamosi atapanda kupigana.

Kuliziba pengo hilo hakuhitaji mfadhili. Klabu inaweza kupunguza jioni za kupigana kwa nguvu zibaki moja kwa wiki, na zile nyingine zijazwe na kamba, sanduku na gunia la mchanga. Aliyepepesuka apumzike siku moja au mbili, kisha atembee, akimbie taratibu, aruke kamba, apige begi, kila hatua siku yake. Dalili ikirejea arudi hatua moja nyuma. Asiguswe kichwa mpaka daktari amruhusu. Na kocha awe na daftari la shilingi hamsini lenye safu nne: jina, tarehe, kilichotokea, na siku aliyoruhusiwa kupigana tena.